Kopo Lililoandikwa Jina la Baba

Wasomaji, kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu ni mbaya, herufi zinalala upande, na maneno mengine huenda nimeyakosea kabisa. Mhariri atanisaidia pale atakapoweza. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, hapa hapa kijijini kwetu upande wa Igamba, Mbozi, na tangu nimalize, mkono wangu umeshika jembe na kapu la kuchumia kahawa zaidi kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanimalizia mchana mzima. Tena mimi ni mtu wa aibu. Haya nitakayoyasema sijawahi kumwambia mtu kwa mdomo.

Nataka kuwaeleza habari za mzee mmoja. Jina lake sitaliandika. Watu waliokuwepo wengi bado wapo, na mambo ya kuandika majina ya watu yalikwisha kutuletea balaa, kama mtakavyoona. Kijijini walimwita Mwonjaji, nami nitamwita hivyo.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kukoboa kahawa, kwenye chumba cha kuonjea. Aliletewa buni kidogo kutoka kila rundo, akaikaanga, akaisaga, akaimwagia maji ya moto kwenye vibakuli, akaonja kwa kijiko, kisha akasema ni ya daraja gani. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa wakaanza kuja na magari yao mpaka mashambani. Kiwanda kikapungukiwa na kazi, naye akapunguzwa. Alirudi kijijini na godoro, koti moja zito la rangi ya majivu, na kijiko chake cha kuonjea. Mke wake alikwisha kufariki. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Tunduma.

Angeweza kulima tu kama sisi. Alilima, lakini kila siku baada ya chakula cha mchana, moshi unapopanda wima, alikaa nyuma ya nyumba yake na jiko la mkaa akakaanga kahawa. Hakuwa na mgahawa, wala hakumuuzia mtu hata kikombe. Alikaanga kwa sababu alipenda kukaanga. Jambo hilo kwetu lilikuwa gumu kueleweka. Sisi kahawa tunailima, tunaimenya, tunaiosha, tunaianika juu ya vichanja na kuifukuzia mvua, lakini hatuinywi. Baba yangu alikuwa akisema kahawa ni ada za shule na mabati. Mtu anayeiweka kwenye moto alionekana kama mtu anayechoma mabati yake mwenyewe.

Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na uzio wa minyaa. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa sana, na siyo mimi peke yangu. Harufu ya kwanza ilikuwa kama ya nyasi mbichi zinazoungua, halafu ikawa kama mkate, halafu ikaja ile nzito inayoshika kooni. Wanawake waliokuwa wakitoka mtoni walijifunika pua kwa khanga na kuongeza mwendo. Lakini kibaya kuliko harufu ilikuwa ile sauti. Waonjaji hawanywi kama watu wengine. Huvuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa nguvu, kwa mlio mkali kama kitambaa kinachopasuliwa, wanaizungusha mdomoni, wanafumba macho, kisha wanaitema kwenye kopo. Hebu fikirini mnapita nyuma ya nyumba ya mzee aishiye peke yake mkasikia sauti hiyo mara saba au nane mfululizo, halafu kimya. Mara ya kwanza niliisikia nikiwa na ndoo kichwani. Niliiacha ndoo pale ilipoanguka.

Nilikuwa nimeshamaliza shule siku mama aliponituma nikadai ungo wetu aliouazima. Nilimkuta ameinama juu ya kikaango cha chuma, sikio ameliegemeza upande wa moto, mwiko unazunguka polepole. Nilitaka kusalimia, akainua mkono.

"Nyamaza kidogo, binti. Nasikiliza."

Nikasimama. Miguu ilitaka kukimbia lakini haikujua upande gani. Kwenye kikaango punje zikaanza kupasuka, kama bisi, lakini kwa sauti ya chini na kavu zaidi. Yeye midomo yake ilikuwa inahesabu. Zikanyamaza. Akasubiri. Zilipoanza kupasuka mara ya pili, laini, kama mtu anavunja vijiti vidogo sana, akaondoa kikaango motoni kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mzee, akazimwaga kwenye ule ungo wetu na kuzipepeta mpaka makapi yakaruka yote. Ndipo akasalimia, akauliza kama mama hajambo, akaomba radhi kwa kuchelewesha ungo. Alisema vyombo vyake vyote ni vizuri ila ungo wake una matundu.

Halafu akanipa kijiko. Sikuthubutu kukataa.

"Usiniambie ni tamu, usiniambie ni chungu," alisema. "Niambie inafanana na nini."

Mimi, nikiulizwa kitu, maneno hunikimbia. Shuleni walimu waliuliza, wakahesabu mpaka tatu, wakamgeukia mwingine. Nyumbani kaka yangu Lameki hunijibia kabla sijafungua mdomo. Mwonjaji alikaa na kalamu mkononi akatazama mkaa wake. Akasubiri mpaka jiko likaanza kufifia. Mwisho nikasema inafanana na ganda la chungwa lililokauka juani. Hakucheka. Aliandika kwenye daftari, akarudia maneno yangu kwa sauti ndogo, akasema, "Sawa kabisa. Mimi nilikuwa nalitafuta hilo tangu juzi."

Tangu siku hiyo nikawa napita kwake mara moja kwa wiki, mara mbili, bila kumwambia mtu.

Alikuwa na mambo yanayopingana. Aliweza kukuambia kahawa fulani ililala kwenye maji usiku mmoja zaidi ya inavyotakiwa, lakini ugali wake alikula na mboga yoyote bila kujua ni mboga gani, na aliweza kutia chumvi mara mbili asigundue. Kahawa yenyewe hakuinywa. Aliionja na kuitema, na kazi ilipokwisha alijipikia chai ya rangi, sukari vijiko vinne, akanywa kwa kupuliza kama mtoto. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alijibu kwamba mshonaji havai kila nguo aliyoishona, kisha akaona jibu lake halikutosha, akaongeza kwamba kahawa humfanya moyo umwende mbio, naye tayari ni mwoga.

Kweli alikuwa mwoga. Aliogopa mikutano. Kanisani alikaa karibu na mlango. Gari geni likisimama barabarani alizima jiko na kuingia ndani. Aliniambia kwamba zamani, kabla ya wanunuzi binafsi, mtu akikutwa na buni nyumbani ambayo haikupelekwa kwenye chama, aliweza kuulizwa maswali, na ingawa miaka hiyo ilikuwa imepita, mwili wake ulikuwa haujapata habari.

Hata hivyo, kuhusu harufu hakuwa mwoga. Mke wa mwenyekiti wa kitongoji, mwanamke mcheshi ambaye shamba lake lilipakana na la Mwonjaji, akikaanga vitunguu saa nane mchana, mzee alitoka na kumwomba asubiri kidogo. Yule mama alikuwa anamtania kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mwonjaji, na kesho tukitaka kupika maharage tuje kuomba kibali?"

"Pikeni tu, mama. Ila upepo ukigeuka, mnifunikie."

Walicheka wote wawili. Nawakumbuka wakicheka, na nasema hivyo kwa sababu baadaye mama huyo huyo ndiye aliyesema makopo yalikuwa mangapi.

Sasa niseme habari ya makopo.

Kiwandani, kahawa ya watu wote ilichanganywa. Iliingia kwa Mwonjaji ikiwa na namba ya rundo. Alinieleza siku moja kwamba aliwahi kuonja kahawa iliyomfanya aketi chini, nzuri kiasi kwamba alitaka kumtafuta aliyeilima ampe mkono. Akaulizia. Wakamwambia ni rundo la namba fulani, limetoka kwa watu mia mbili. Mwaka uliofuata haikurudi tena. "Nimeonja marundo maisha yangu yote," alisema. "Nataka kabla sijafa nimjue mtu mmoja mmoja."

Kwa hiyo aliomba buni kwa wakulima, kiganja hapa, kiganja pale. Wengine walimpa kwa kumcheka, wengine kwa kumwonea huruma. Kila mtu alimwekea kopo lake, makopo ya siagi na ya maziwa ya watoto, na juu ya kila kopo alibandika kipande cha plasta ya hospitali akaandika jina la mwenye shamba, upande wa mlima, na mwaka. Ndani alihifadhi punje chache alizokwisha kuzikaanga, nyeusi, ili mwaka ukija alinganishe. Makopo yalipangwa kwenye rafu chumbani, yametazama mlango. Mtu akifa, kopo lake halikuondolewa. Alisema kahawa yake bado ina la kusema.

Baba yangu hakutaka. Alisema buni yake haitoki kwake mpaka iende mnadani, na hapo mazungumzo yakaisha. Mimi ndiye niliyechukua kiganja kimoja kutoka kwenye kichanja, nikakifunga kwenye pembe ya khanga, nikampelekea Mwonjaji. Sikuomba ruhusa. Nilitaka tu kujua ya kwetu inafanana na nini. Mwonjaji aliandika kwenye plasta: Baba Lameki, kusini, na mwaka ule. Sikuona ubaya wowote. Hakuna kati yetu aliyefikiri jinsi rafu ile ingeonekana kwa mtu ambaye hajaambiwa.

Mwaka huo huo Mama Yusta akafariki. Alikuwa mjane wa upande wa juu, mwanamke mwenye nguvu. Aliumwa kichwa Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Baada ya wiki chache baba naye akaanza kuumwa. Maumivu yalimshika ubavuni, yakashuka tumboni, akawa anajikunja sakafuni mpaka jasho linamtiririka. Siku mbili mzima, siku tano mgonjwa. Alinyong'onyea. Lameki alitaka kumpeleka Vwawa hospitali. Baba mdogo akasema ugonjwa unaokuja na kuondoka siyo wa hospitali.

Kijiji kikawa na hofu. Mnajua hofu ya kwetu inavyoanza: watu wanaacha kupeana salamu ndefu, watoto wanaitwa ndani mapema, mtu akikopesha jembe anatazama likirudi limeshikwa na nani. Halafu wazee wa kitongoji wakakubaliana kuwaita lambalamba. Kwa wasomaji wa mbali, hao ni waganga wanaozunguka vijijini kutafuta wachawi. Huingia nyumba moja baada ya nyingine, huchimba, hupekua dari, hutoa pembe na vibuyu, na mtu waliyemtaja hujuta kuzaliwa. Walikuja watano, vijana wenye kanzu fupi nyekundu, mkubwa wao hakuzidi miaka thelathini. Walilishwa kuku.

Kwetu walichimba kizingitini hawakukuta kitu. Kisha nikawaona wanavuka uzio wa minyaa. Mwonjaji alikuwa anakaanga. Hawakukaa ndani hata dakika kumi.

Walitoa makopo wakayapanga kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kitongoji, mstari mmoja. Mke wa mwenyekiti akahesabu kwa sauti: kumi na tisa. Kijana mmoja wa shule akaambiwa asome majina. Kila jina liliposomwa kopo lilifunguliwa, na ndani mkaonekana punje nyeusi, zilizoungua. Mwenye jina alirudi nyuma kana kwamba kopo lingemrukia. Liliposomwa la Mama Yusta, dada yake alipiga ukunga, wanawake wakamdaka. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, nimeshika nguzo ya ofisi. Nilikuwa nahesabu yaliyobaki. La kumi na saba likawa la baba.

Baba alikuwa ameletwa, amekalishwa kwenye kiti, amefunikwa blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Watu wote wakamgeukia. Yeye alitazama kopo, akasema hakumpa mtu kitu.

Mwonjaji aliulizwa. Alijaribu kueleza habari za kiwanda, za marundo, za kumjua mtu mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa ndogo na watu walikuwa wanamzomea. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya: ndiyo, majina ameandika mwenyewe, ndiyo, anachoma, ndiyo, anaonja na kutema. Mkubwa wa lambalamba akaokota kopo la baba.

"Huyu mzee mgonjwa anasema hakukupa kitu. Nani alikupa?"

Wasomaji, hapo ndipo palipo na kosa langu. Mwonjaji aliinua macho akaniona. Watu zaidi ya mia, na macho yake yalinifikia moja kwa moja pale kwenye nguzo. Nilijua ninachotakiwa kusema: ni mimi, nilikipeleka kiganja hicho mwenyewe, nimeonja kahawa hizi miaka miwili na sijafa. Lakini niliona pia kwamba wangesema ni binti anayemtoa baba yake kafara. Nilisubiri maneno yaje, kama siku ile ya ganda la chungwa, lakini pale hapakuwa na mtu wa kunisubiri.

Mwonjaji akaondoa macho yake kwangu. "Niliichukua mwenyewe," alisema. "Kwenye kichanja. Niliiba."

Kelele zilizopanda hapo siwezi kuziandika. Mtu alirusha fimbo ikampata begani. Lameki alikuwa mbele kabisa na jiwe mkononi, na ningependa kusema hakuwa yeye, lakini alikuwa yeye. Kisha baba akasema kitu. Watu wa karibu wakanyamaza, halafu wa nyuma yao, mpaka kukawa kimya. Baba akarudia.

"Nasema, ipikeni. Nataka kuonja."

Baba mdogo alimkataza. Dada yake Mama Yusta akamlilia asijiue. Baba hakuwa shujaa. Nilimuuliza baadaye akaniambia alikuwa amechoka, na kwamba kama ni kufa alitaka ajue amelima nini miaka thelathini. Wakamwacha Mwonjaji alete jiko na buni mbichi ya baba iliyokuwa imebaki nyumbani kwake. Aliikaanga mbele ya watu wote, na punje nyingine zikamruka zikaangukia kwenye majani. Zilipoanza kupasuka, aliegemeza sikio akahesabu. Aliisaga, akamwaga maji, akampa baba kikombe, akarudi nyuma hatua tatu.

Baba alikunywa. Alikunywa yote, polepole, akatazama chini ya kikombe.

"Kumbe ndiyo hii," alisema.

Watu walimtazama wakisubiri aanguke. Hakuanguka. Mkubwa wa lambalamba aliona mkutano unamponyoka, akacheka kidogo, akapanda juu ya jiwe.

"Sawa. Mzee amekunywa kwa hiari yake. Basi hatumgusi mtu leo. Lakini sikilizeni. Uhai wa huyu sasa uko mikononi mwa huyu. Huyu mgonjwa akifa, leo, kesho, au mwaka wowote, mnajua pa kwenda."

Wakaitikia wote kwamba wanajua. Kisha lambalamba wakachoma makopo na kuondoka kuelekea kijiji kingine.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko siku ile. Kila asubuhi, jua halijatoka vizuri, nilimkuta Mwonjaji amesimama upande wake wa uzio na koti lake. Hakuuliza tena habari za mama wala za shamba.

"Ameamkaje?"

"Ameamka, babu."

"Amekula?"

Nikimwambia amekula uji, alishika minyaa kwa mkono mmoja kama mtu anayeshuka kutoka mahali pa juu. Nikimwambia usiku maumivu yalimrudia, alikaa chini pale pale. Mara moja nilijaribu kumwomba radhi. Nilianza, "Babu, siku ile..." akanikatiza, akasema nisizungumze, wenye kusikia ni wengi, nirudi nikamchemshie baba maji. Hakukaanga tena. Saa nane mchana ilikuja na kupita bila harufu, nami nilijikuta nainua pua nikiitafuta.

Mwishowe Lameki alikaidi, akampakia baba kwenye gari la mahindi mpaka Vwawa. Daktari alisema ni mawe kwenye figo. Walimtibu, akarudi anatembea. Lakini Mwonjaji alikuwa amekwisha kuondoka. Ilikuwa siku ya tatu baba akiwa hospitali, na uvumi ukaenea kwamba baba amekufa. Haikuwa kweli, lakini mzee hakungoja kuhakikisha. Aliacha mlango wazi na godoro kitandani. Tulisikia yuko kwa binti yake, Tunduma.

Baba aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila mwaka alitenga buni kidogo, akaniambia niikaange kama nilivyomwona Mwonjaji akifanya, kwa kuwa alikwisha kujua kwamba nilikuwa napita kwake. Hakuniambia alijuaje. Alikunywa kikombe kimoja Jumapili baada ya ibada, mlango umefungwa.

Mwaka huu, mwisho wa mvua, figo zikamshinda. Alifia hospitali, mbele yangu, na karatasi waliyotupa inasema ni figo. Lakini kaburini, udongo haujakauka, nilisikia vijana watatu nyuma yangu. Walikuwa watoto wakati wa makopo. Mmoja aliuliza yule mzee bado yuko Tunduma? Mwingine akajibu yuko, shemeji yake anapajua.

Nilimngoja Lameki amalize shughuli za msiba, nikaaga kwamba naenda Tunduma kununua khanga. Nilikwenda kumwonya.

Sitasema ni mtaa gani. Ni mahali ambapo malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia yamepanga foleni, na watu wanauziana kwa Kiswahili na Kibemba kwa wakati mmoja. Binti yake ana kibanda cha vitenge. Mzee alikuwa amekaa ndani, nyuma ya mafungu ya vitambaa, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kumwona, lakini yeye anaona wote wanaopita. Alikuwa amekonda sana. Sikusikia harufu ya kahawa popote.

Nilikuwa nimenyoa nywele kwa ajili ya msiba. Nilivuta kilemba changu mpaka kwenye nyusi.

Alinitambua mara moja. Hakunisalimia. Alisimama kwa kushika meza, na mafungu mawili ya vitenge yakaanguka.

"Baba yako mzima?"

Binti yake alikuwa nyuma yangu. Baadaye alinieleza kwamba hilo ndilo swali analomuuliza kila mtu anayetoka Mbozi, dereva, mchuuzi, mwinjilisti, na akikosa mtu wa kumuuliza wiki nzima, halali. Lakini wakati ule sikujua. Niliona tu mkono wake juu ya meza, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu nilipopanda gari Mlowo, moja baada ya jingine, ili yasinikimbie: babu, baba amefariki, ondoka hapa, vuka upande wa pili.

"Mzima," nilisema. "Anakusalimu sana."

Akaketi. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akaomba chakula. Binti yake akaniambia kwa mshangao kwamba tangu asubuhi alikuwa amekataa. Alikula mbele yangu ugali na samaki, akaniuliza kuhusu mvua, kuhusu mama, kuhusu kama mke wa mwenyekiti bado anapika vitunguu mchana. Alicheka. Mimi nilijibu yote. Sikuwahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima maishani mwangu, na lile moja halikutoka.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka mahali kivuli cha kibanda kilipoishia. Hapo akasimama.

"Mwambie baba yako ajitunze," alisema. "Mwambie anivumilie kidogo tu. Nitangulie mimi."

Nikamwambia nitamfikishia.

Ni wiki tatu sasa. Kila siku watu wanatoka huku kwenda Tunduma, na mmoja wao ataulizwa lile swali, naye atajibu ukweli, na pengine atakuwa ni mmoja wa wale vijana. Nikienda kumwambia, naogopa habari yenyewe itamuua, na watu watasema ni uchawi wake umemrudia. Nisipoenda, atakutwa amekaa pale kwa amani niliyompa mimi. Lameki siwezi kumwambia, bado anaamini mzee ni mchawi.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi mnaosoma, hasa wenye umri na wenye wazee wao: niandikieni mniambie nifanye nini. Tumeni barua kwa mhariri, anajua pa kunipata. Ziwe fupi, kwa sababu nasoma polepole kama ninavyoandika. Na tafadhali ziandikeni leo.